Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku ya Mvua Kisiwani Malta



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo: hujaji afanye nini mvua inapomkuta kisiwani Malta? Swali hili tumeulizwa na waamini wanaojiandaa kwenda huko kufuata nyayo za Mtume Paulo. Wameziona picha za bahari ya buluu na majumba ya mawe ya rangi ya asali yaking'aa juani. Kisha wanaambiwa kwamba sikukuu ya ajali ya merikebu ya Mtume Paulo huadhimishwa tarehe 10 Februari, wakati wa mvua na upepo, nao hufadhaika. "Baba, tulipe nauli yote ile tukakae hotelini?" Jibu letu ni hili: heri ninyi mtakaonyeshewa.

Tusome tena sura ya 28 ya Matendo ya Mitume. Watu 276, wafungwa kwa askari, walitupwa ufukoni wakiwa wamelowa. Mwinjili Luka anasimulia kwamba wenyeji waliwasha moto na kuwapokea wote kwa wema usio wa kawaida, na anataja sababu: mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Basi mvua imo ndani ya habari yenyewe. Anayetaka Malta ya Paulo bila mvua anataka kisiwa ambacho Paulo hakukiona.

Na Wamalta wenyewe huitazamaje? Kisiwa chao hakina ziwa, wala mto unaotiririka mwaka mzima. Kiangazi chao ni kikavu kabisa, na leo sehemu kubwa ya maji wanayokunywa ni ya bahari iliyoondolewa chumvi mitamboni. Mji wa Valletta ulipoanza kujengwa mwaka 1566, iliamriwa kila nyumba iwe na birika la chini ya ardhi la kukingia maji ya mvua. Kwa hiyo mgeni anayenung'unikia mawingu ananung'unikia kisima cha mwenyeji wake. Sisi tunaotoka katika nchi ambazo mkulima huitazama mbingu kwa hofu, tungepaswa kulielewa hilo kuliko watalii wengine.

Basi siku hiyo twende wapi? Boti za kutembelea mapango ya baharini hazitoki upepo ukichafuka, na ngazi za mawe za Valletta huteleza. Vaeni viatu vyenye soli nzuri. Anzeni na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, lililokamilika mwaka 1577. Viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi humo, kwani sakafu yake ni makaburi ya Mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, yaliyofunikwa kwa marumaru za rangi nyingi. Katika kikanisa cha pembeni mtaiona picha ya kukatwa kichwa Yohane Mbatizaji, aliyoichora Caravaggio mwaka 1608, nayo ndiyo pekee inayojulikana kuwa na sahihi yake. Ameiandika ndani ya damu ya Mbatizaji inayochuruzika sakafuni. Mchoraji huyo alikuwa ameua mtu mjini Roma mwaka 1606, akakimbia. Malta ilimpokea, ikamfanya Shujaa, kisha mwaka huohuo wa 1608 akafukuzwa kutoka shirikani. Kaeni mbele ya picha hiyo bila haraka. Jua lingekuwapo, mngekuwa mmekwisha kutoka.

Mji wa Paola una makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni, yaliyochongwa mwambani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Yaligunduliwa mwaka 1902 na mafundi waliokuwa wakichimba mabirika ya maji ya nyumba mpya. Tazameni: kiu ya maji ya mvua ndiyo iliyowafunulia wazee wao! Watu wanaoingia humo kwa siku ni wachache sana, hivyo agizeni tiketi mapema kabla ya kusafiri. Mkikosa, nendeni Rabat kwenye pango ambamo mapokeo yasema Paulo alikaa. Papa Yohane Paulo II alisali hapo mwaka 1990, Benedikto XVI mwaka 2010 na Fransisko mwaka 2022. Jirani yake yapo makaburi ya Wakristo wa kale yenye meza za duara zilizochongwa mwambani, ambazo wataalamu wanaamini zilitumika kwa mlo wa kuwakumbuka marehemu.

Mkichoka, ingieni mgahawani mle pastizzi za moto, ndugu wa sambusa, zenye jibini au njegere, na mtege sikio. Mmalta huita bahari "baħar", kitabu "ktieb", na Pasaka "Għid", yaani Idi. Lugha yao ilizaliwa na Kiarabu kilekile kilichotuazima maneno mengi, nao humtaja Mungu katika Misa kwa jina Alla. Mkutano wa namna hiyo haupatikani ufukoni.

Lakini lililo zito tumeliweka mwisho. Bahari ileile iliyomtupa Paulo inaendelea kuwatupa watu huko, wengi wao wakiwa Waafrika, wakiwemo Wasomali na Waeritrea, majirani zetu. Mwaka 1971 Mfransisko Dionysius Mintoff alianzisha kituo cha amani huko Ħal Far, ambacho baadaye kikawa makao ya wahamiaji; Papa Fransisko alikutana nao hapo tarehe 3 Aprili 2022. Kisiwa ni kidogo, mzigo ni mkubwa, na Wamalta hubishana sana juu ya jambo hili. Hatuwahukumu. Twasema tu kwamba hujaji anayelisifu pango la Paulo na kugeuza uso asiwaone waliolowa leo, amesafiri bure hata kama jua liliwaka juma zima.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisiwani Malta jambo hilo lilitimia neno kwa neno: baba yake Publio alikuwa kitandani na homa na kuhara damu, Paulo akamwekea mikono, akapona. Moto uliwashwa kwanza, uponyaji ukafuata. Waliowasha hawakujua ni nani aliyekuwa akikausha kanzu yake pale.

Nasi tusiokwenda popote, mvua itanyesha hapa parokiani pia. Itakapoanza, tutazame ni nani amesimama nje ya mlango wetu.

Mungu awabariki nyote. Dominika njema.