Makutano ni yetu: barua kwa watu wa Mnyusi

Hamburg, Ujerumani

  

Nimepigiwa simu nikaambiwa maneno yanayozunguka kijijini: reli ya kisasa ya kutoka Tanga kwenda Arusha na Musoma ikijengwa, stesheni yetu itabaki gofu, kwa hiyo afadhali watu wajigawie mapema eneo la hifadhi ya reli. Naomba mnisikilize kabla hamjaanza kupima viwanja.

Stesheni ile haikujengwa kwa ajili yetu, hilo tulikubali. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Hadi 1896 walikuwa wamefika Muheza tu, kama kilomita 40, kisha kampuni ikaishiwa fedha. Serikali yao ikaichukua 1899, mataruma yakapita kwetu, yakafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Walichotaka ni mazao ya mashamba. Mwaka ule ule wa 1893 mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia bandari ya mji huu ninaoishi. Iliyofika hai ni 62. Nikiwasimulia wenyeji wa hapa wanacheka, wakidhani natia chumvi. Lakini ndiyo iliyozaa mashamba yaliyowavuta manamba kutoka Songea, Njombe na Kigoma, na wengi wetu ni wajukuu zao.

Mnyusi ilipata cheo chake 1963. Kabla ya hapo reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikukutana popote ndani ya Tanganyika. Ukitaka kwenda Dar es Salaam kutoka kwetu, reli haikukusaidia. Ndipo ikajengwa njia ya kutoka Ruvu, ikaja kuungana na ya Tanga hapo hapo kijijini. Korogwe ni mji, Muheza ni mji, lakini makutano ni yetu. Hadi leo treni ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha haina njia nyingine ya kupita.

Mnakumbuka abiria walipokatika miaka ya 1990, na baadaye hata mizigo. Majani yakafunika reli, wauza vyuma chakavu wakaanza kuikodolea macho. Tukasema imekufa. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi hadi Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Haiji kila siku, na inakwenda taratibu, lakini kwa mama mwenye magunia mawili na watoto watatu hakuna basi linaloweza kushindana nayo.

Hofu yenu kuhusu reli mpya ina msingi, sikatai. Tazameni Kenya: treni ya kisasa ilipoanza 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, ilipewa vituo vichache. Makindu na Kima, ambako treni ya zamani ilikuwa ikisimama, zikapitwa. Ila eneo likishauzwa vipande vipande, Mnyusi itapitwa hata na hii treni iliyopo. Tena atakayenunua kiwanja leo ndiye atakayechorewa alama ya X ukutani kesho, na fidia hatapata.

Huku Ujerumani nako stesheni nyingi za vijijini majengo yake yameuzwa. Pale Rolandseck, kando ya mto Rhine, jengo la stesheni ni sehemu ya makumbusho, na treni bado zinasimama. Sisemi tuwaige, sisi tunahitaji choo na kivuli cha kungojea kabla ya picha za ukutani.

Ninachoomba ni hiki. Anayepanda treni apandie Mnyusi na tiketi yake iandikwe Mnyusi, asikimbilie Korogwe kwa sababu kuna taa. Kituo kisicho na abiria kwenye vitabu hakina wakili. Mkutano wa kijiji uandike barua kwa shirika la reli kuuliza mipaka ya hifadhi, na kuomba kina mama watengewe pahali pa kuuzia machungwa na ndizi. Na wazee waliofanya kazi kwenye magenge ya reli wahojiwe mapema, sauti zao zirekodiwe.

Sisi wa huku tutachanga bati na saruji za banda la abiria, mkipata kibali. Fedha zipokelewe na mtu mtakayemchagua mkutanoni, asiwe ndugu yangu.

Mtoto wenu,
Hamburg