Kompyuta Haina Kesi

Tunaambiwa kwamba skrini ya ekskaveta ikionyesha kosa la mawasiliano, dawa ni kubadilisha kompyuta ya injini, kwa kuwa ndiyo iliyonyamaza. Dawa tamu, hasa kwa muuza kompyuta. Katika J1939, mfumo ambao kompyuta za mashine huutumia kuwasiliana, msimbo wa kosa wenye FMI 9 (namba ya aina ya kosa) husema tu kwamba ujumbe haukufika kwa wakati wake. Haumtaji aliyeuzuia njiani. Na njia yenyewe ni nyaya mbili zilizosokotwa, zinazopita kwenye matope, joto na mtikisiko, ilhali kompyuta imezibwa ndani ya kasha. Nani wa kushukiwa kwanza? Eti kupima kunapoteza muda! Zima umeme, weka mita kati ya nyaya hizo: vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, husomeka 60. Ukiona 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika. Ukiona karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Watajibu kwamba kompyuta nazo huungua. Huungua, naam, na iliyoungua huweza kuziba njia nzima. Basi ichomoe uone kama wenzake wanaanza kusikilizana. Wasipoanza, na waya wake wa hasi umelegea, kompyuta mpya itaurithi ugonjwa huo siku hiyohiyo.