Mdeni Aliyeshindwa Asifunike Kombe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo katika miji yetu ya pwani husemwa kwa kunong'onezana, nalo ni kufilisika. Nami katika makosa nitakayoyataja nina fungu langu, na heri niyataje mwenyewe kabla sijatajiwa.

Mwaka jana mtu wa mtaa wetu, hapa Mombasa, mwenye duka la vyombo, alizidiwa na madeni. Alikuwa akidaiwa na wafanya biashara watatu wa jumla na shemeji yake mmoja, jumla Sh. 1,920,000. Wakanijia baada ya sala ya Alasiri, wadai na mdeni, tukakaa barazani tukasuluhisha: atalipa Sh. 60,000 kila mwezi kwa muda wa miezi 32. Tukaandika, tukashuhudia, tukasoma Fatiha, nami nikarudi nyumbani nimefurahi kuwa nimewapatanisha Waislamu. Neno moja sikuuliza: duka hili likishatoa kodi na chakula cha watoto, linabakisha nini? Lilikuwa likibakisha Sh. 25,000. Yeye alijua, akaona haya kusema mbele za watu. Mimi ilinipasa kujua, nikaona haya kuuliza.

Alilipa miezi saba, yaani Sh. 420,000. Tazama zilivyopatikana. Sh. 175,000 zilitoka dukani. Sh. 95,000 ni dhahabu ya mkewe. Sh. 150,000 zilizobaki alizikopa kwa simu, huku na huku, kwa riba. Basi zile 420,000 hazikulipunguza deni ila kwa 270,000, bila ya kuhesabu riba yenyewe. Na nyumba ikawa imeondokewa na dhahabu, na duka rafu zake tupu. Mwezi wa nane hakuwa na kitu. Mapatano yakavunjika, wadai wakapandisha sauti, na yeye akanijia peke yake, usiku, akaniuliza: "Sheikh, nikienda mahakamani nikaomba nitangazwe mufilisi, nitakuwa nimefanya dhambi?"

Jawabu yake nataka waisikie wote, maana mabarazani nimesikia majawabu mawili na yote mawili ni mabaya.

Kundi la kwanza husema: Hasha! Kufilisika ni aibu, na mahakama hizo ni za sheria ya Kizungu. Dawa ya deni ni kulipa. Basi na akakope pengine alipe, mambo yasitoke nje. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nawauliza hawa: atakopa wapi? Mnamuona anatoka katika deni lisilo na riba kuingia katika deni lenye riba, nanyi mnaita hiyo ni stara? Mwenyezi Mungu amewaachia wadai rasilimali zao tu, na anayelazimisha zaidi ya hiyo ametangaziwa vita katika Sura ya al-Baqara. Ninyi mnaogopa maneno ya watu wa mtaani, vita hivyo hamviogopi? Kweli dawa ya deni ni kulipa, lakini kulipa deni kwa deni ni kuhamisha moto kutoka chumba hiki kuutia chumba kile.

Tena mnasema kufilisika ni kwa Wazungu. Fungueni vitabu mlivyosomeshwa! Katika fiqhi yetu ya madhehebu ya Imamu Shafii, mlango wa mufilisi uko pale pale karibu na mlango wa rahani, na watoto wa madrasa wanaupita kila mwaka. Muadh bin Jabal (R.A.), katika wanazuoni wakubwa wa masahaba, alizama katika madeni kwa ukarimu wake, na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuilia mali yake akaiuza wadai wakalipwa. Je, Muadh aliaibika? Baadaye Mtume (S.A.W.) alimtuma Yemen kuwafundisha watu na kuwahukumu. Na Imamu Malik katika Muwatta ametaja habari ya mtu wa kabila la Juhayna aliyekuwa akinunua vipando kwa mkopo ili awatangulie mahujaji wenzake, mpaka akafilisika. Sayyidna Umar (R.A.) hakumficha. Alisimama mbele za watu, akawaita wenye kumdai waje asubuhi wagawiwe mali yake, kisha akawaonya juu ya deni, kwamba huanza kwa hamu na kuishia kwa vita.

Hivyo ndivyo sheria yetu inavyotaka: mambo yawekwe hadharani. Madeni yakizidi mali na wadai wakadai, kadhi humzuia mdeni asiitumie mali yake, huiuza, na kila mdai akapata fungu kwa kadiri ya deni lake, asitangulizwe jamaa wala mwenye sauti kubwa. Mdeni huachiwa nguo zake na chakula cha siku ile, yeye na anaowalisha. Hata nyumba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu, huuzwa. Si jambo jepesi, wala sitaki udhani ni jepesi. Lakini ni jambo la haki, na lina mwisho.

Kundi la pili ni hatari zaidi, kwa sababu linasema kwa tabasamu. Hawa humwambia: Nenda ufilisike upumzike! Lakini kwanza kile kiwanja kiandike jina la ndugu yako, na bidhaa zilizobaki zipeleke kwa shangazi.

Ndugu yangu, huo ni wizi uliovishwa kanzu. Wanazuoni wetu wamesema ni haramu mtu kutoa hata sadaka kitu anachokihitaji kulipia deni, ikiwa hana taraja ya kulilipa kwa njia nyingine. Ikiwa sadaka kwa maskini imeharimishwa, itakuwaje hila kwa ndugu? Hata sheria ya serikali haikulala. Kenya ilitunga Sheria ya Ufilisi mwaka 2015, ikaondoa ile ya zamani ya wakoloni, na humo mahakama ina nguvu ya kuzivunja zawadi za namna hiyo na kuirudisha mali kwa wadai.

Na kwa kuwa wengi huitaja sheria hiyo bila ya kuijua, nitaieleza kwa ufupi. Mdeni mwenyewe anaweza kwenda Mahakama Kuu akaomba kutangazwa mufilisi. Mali yake huingia mikononi mwa msimamizi, huuzwa na kugawanywa. Haruhusiwi kutoka Kenya bila ya idhini, wala kuongoza kampuni bila ya ruhusa ya mahakama. Kwa kawaida, ikipita miaka 3 tangu alipotoa hesabu ya mali na madeni yake, na asitokee mwenye kupinga, hufunguliwa. Uko pia mlango mdogo, wa asiye na mali ya kuuzwa kabisa na deni lake lisipungue Sh. 100,000 wala lisizidi Sh. 4,000,000, huyo hufunguliwa baada ya miezi 12. Aliyeficha mali hana haki ya mlango huo. Na deni lililopatikana kwa udanganyifu, sheria yenyewe hailifuti.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kundi la pili linapowapoteza watu. Mahakama ikishakufungua, mdai hana tena njia ya kukushitaki kwa deni hilo. Lakini je, umefunguliwa mbele ya Mwenyezi Mungu? La! Katika sheria yetu, lililobaki baada ya mgao linabaki katika dhima yako. Halazimishwi mtu kujiajiri kwa ajili yake, wala halali mdai kumwandama maadamu hana, maana aya ya 280 ya Sura ya al-Baqara imeamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini ukipata wasaa, ulipe, hata ikiwa imepita miaka ishirini na hakuna karatasi inayokulazimisha. Asiyeweza kulipa kwa watu atalipa Akhera, na huko sarafu ni mema yake. Huyo ndiye mufilisi aliyetuonya Mtume (S.A.W.): anakuja na sala zake na saumu zake, aliowadhulumu wakazigawana, zikaisha, kisha akabebeshwa madhambi yao.

Basi jawabu yangu kwa yule ndugu ilikuwa hii. Kujitangaza mufilisi si dhambi, ikiwa kweli umeshindwa na hukuficha hata sufuria. Dhambi ni kuendelea kukopa na hali unajua huna la kulipia. Rudi kwanza kwa wadai wako na daftari wazi, useme ile 25,000 uliyoona haya kuitaja, na mimi nitakaa ubavuni mwako niseme nilikosea nami. Wakikubali, mtaandika upya kwa kadiri ya duka na si kwa kadiri ya haya. Wakikataa, mlango wa mahakama upo, ingia mchana, na majina yao na madeni yao uyaandike nyumbani uwausie watoto wako.

Nanyi wadai, msidhani nimewasahau. Kaab bin Malik (R.A.) alimdai mwenzake msikitini mpaka sauti zao zikafika nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akafunua pazia, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali pale pale, na mdeni akaamrishwa asimame alipe. Nani kwenu yuko tayari kupunguza hata robo? Anayeweza kulipa akachelewesha ni dhalimu, hilo hadithi imesema. Lakini anayemkaba asiyekuwa nacho, anatarajia kumkamua nini ila damu ya watoto wake?

Na ninyi matajiri mnaogawa zaka kila Ramadhani kwa noti za mia mia mlangoni: katika mafungu manane ya zaka, moja Mwenyezi Mungu amelitaja kuwa ni la wenye madeni. Fungu hilo katika mtaa wetu linakwenda wapi? Zaka ya watu wawili watatu ingekomboa duka moja, na mwakani mwenye duka akawa yeye ndiye mtoaji.

Siku ninapoandika haya, yule ndugu hajakwenda mahakamani. Wadai wawili wamekubali kukaa tena, wawili bado. Tutakutana Ijumaa baada ya sala, na daftari litakuwa juu ya meza. Safari hii nitauliza.

Ewe Mola, tunajilinda kwako na ghalaba ya deni na kwa nyoyo zisizoona haya mbele yako zikaona haya mbele za watu. Amin.