Nusu Asilimia Isiyolipwa

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa nchini Kenya, kamera za televisheni hukimbilia shule zile zile za kitaifa, watahiniwa bora hubebwa mabegani kwa nyimbo na vigelegele, na shule za Mandera, Turkana na Tana River hutajwa, zikitajwa, kama mfano wa uzembe. Tamasha hilo limerudiwa tena majuzi mbele ya taifa zima, na hoja inayotumika kutuliza dhamiri za watazamaji ni ile ile: karatasi ya mtihani ni moja, hutiwa lakiri moja, na hufunguliwa saa ile ile Nairobi na El Wak, huko Mandera, kwa hiyo, inasemwa, kila mtoto alipewa nafasi sawa na mwenzake. Hoja hiyo ni ya uongo, na wananchi wanaoinyamazia wanashiriki katika dhuluma inayowapata watoto wasioweza kujitetea.

Wanafalsafa wa siasa hutofautisha usawa wa fursa, yaani hali ambapo kila raia anaruhusiwa kuwania elimu, kazi au cheo kwa masharti yale yale, na usawa wa matokeo, yaani hali ambapo jamii hutazama kile ambacho watu wamekipata hatimaye na kujitwika wajibu wa kupunguza tofauti zilizopo. Wanaoutetea usawa wa kwanza peke yake huonya kwamba wa pili huua bidii. Onyo hilo lingekuwa na uzito kama kungekuwa na mtu anayedai kwamba watoto wagawiwe alama wasizozifanyia kazi, lakini hakuna anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba matokeo ndiyo ushahidi pekee wa kuonyesha iwapo fursa ilikuwapo kweli au iliandikwa tu, kwa maana uzembe ni tabia ya mtu mmoja mmoja na haufuati mipaka ya kaunti. Pale kufeli kunapofuata ramani mwaka baada ya mwaka, ni lazima ramani yenyewe iulizwe.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtihani wa vitendo wa kemia. Mtahiniwa hutakiwa kutumia bureti, bomba la kioo lenye vipimo na bilula ndogo chini yake, kudondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, kisha kuandika kipimo kwa usahihi wa sehemu ndogo ya mililita. Katika shule yenye maabara, zoezi hilo hurudiwa mara nyingi hadi mkono uzoee. Katika shule isiyo na maabara, wala maji ya bomba, wala umeme, kuna mtahiniwa anayeishika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe, mkono ukimtetemeka, huku saa ikihesabu dakika zile zile zinazohesabiwa kwa wenzake. Mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa katika mashambulizi ya kigaidi, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera; hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kwa kuokoa maisha yao, lakini wanafunzi walioachwa nyuma walifanya mtihani ule ule. Kisha ikafuata misimu mitano ya mvua iliyokosa mvua, mifugo ikafa, na ada ikafa nayo.

Chanzo cha hali hii hakihitaji maelezo marefu. Serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini kwa sheria za wilaya maalumu, Kenya huru ikaitawala kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991, na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikiri kosa hilo. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, ambayo inapaswa kutengewa nusu asilimia ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kila mwaka, ili maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa vifikie kiwango kinachofurahiwa na sehemu nyingine za nchi. Huo ni usawa wa matokeo uliotiwa katika sheria kuu, na unahusu huduma za msingi, si alama za mtu binafsi. Shule hazikutajwa, jambo ambalo ni la kusikitisha, ingawa shule iliyofikiwa na barabara, maji na umeme hupata hata mwalimu kwa urahisi zaidi. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 zilizostahili, zikiwamo Turkana, Wajir, Marsabit, Kwale, Kilifi na Lamu. Tangu wakati huo Hazina imepokea sehemu tu ya haki yake. Kwanza, nusu asilimia hiyo hukokotolewa kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, ambazo huwa za miaka ya nyuma. Pili, hata kiasi hicho kilichopungua hakikutolewa chote. Nusu shilingi katika kila shilingi mia! Taifa linaloshindwa kulipa kiasi hicho lina ujasiri gani wa kumwambia mtoto wa Lokitaung, huko Turkana, kwamba hakujitahidi?

Jambo linalopaswa kuwaamsha Wakenya wote ni kwamba Kifungu cha 204 kina mwisho. Kitakoma miaka 20 baada ya Katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kukirefusha, na sheria hiyo ni sharti iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa pamoja na zaidi ya nusu ya jumbe zote za kaunti katika Seneti. Kaunti 14 zilizotajwa mwaka 2013 peke yake haziwezi kufikisha idadi hiyo kati ya kaunti 47. Kura zitakazoamua zitatoka kwenye kaunti kama Kiambu, Kakamega, Kisii na Nyeri, kwa hiyo wito huu unawahusu wakazi wa huko kuliko hata wakazi wa Marsabit.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na ombi la kurefusha Hazina na kulipa malimbikizo yake linaweza kuandikwa na darasa la chuo, chama cha walimu, kanisa, msikiti au kikundi cha akina mama, likatiwa saini baada ya ibada na kupelekwa kwa karani wa Bunge. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, na mkazi wa kila kata iliyopangiwa kisima au zahanati anapaswa kuuliza kwa maandishi fedha zilitoka lini, nani alipewa zabuni na kazi imefikia wapi. Vyombo vya habari navyo vibadili desturi yao ya kukimbilia shule zile zile. Shule zilizobahatika zitafute namna ya kushirikiana na zile zisizo na maabara.

Lakini lililo zito kuliko yote ni uchaguzi wa Agosti 2027, kwa kuwa wabunge na maseneta watakaochaguliwa siku hiyo ndio watakaokuwa vitini Hazina itakapofikia ukomo. Kila mgombea, awe wa Lamu au wa Murang'a, aulizwe hadharani, jukwaani pake, atapiga kura gani kuhusu Kifungu cha 204, na jibu lake liandikwe na kuhifadhiwa na wale waliomsikia. Asiyetaka kujibu anyimwe kura. Wananchi wasikubali kuambiwa kwamba muda ungalipo, kwa sababu mtoto anayeingia darasa la kwanza leo huko Wajir bado atakuwa katika shule ya msingi siku ambayo ahadi hiyo itakufa.