Tupinge, Basi!

Mabishano ya vijiwe vyetu vya fasihi yana ugonjwa mmoja: hakuna anayeshindwa. Mtu anasema "lazima", mambo yanakwenda kinyume, na wiki inayofuata yupo palepale na "lazima" nyingine. Dawa ninayo, ingawa wengi hamtaipenda. Tuwekeane dau.

Septemba 2021 nilimwambia rafiki yangu, mwalimu wa fasihi, kwamba safari hii Nobel lazima iende kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Akajibu neno moja: "Tupinge." Kitabu kwa kitabu, mimi Ngũgĩ, yeye dunia nzima iliyobaki. Nikaanza kujiumauma. Sawa, nikasema, lakini nikishinda unipe vitatu. Akacheka: "Kumbe lazima yako ni robo tu, bwana!"

Tarehe 7 Oktoba tuzo ikaenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye mimi, mwandishi wa habari za utamaduni, sikuwa nimesoma hata ukurasa wake mmoja. Nililipa kitabu. Kilichoniuma hasa ni kugundua kwamba miaka yote sikuwa na hoja, nilikuwa nashangilia timu tu. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kumsoma Gurnah.

Najua mtasema kamari imewamaliza vijana wetu. Kweli kabisa, na sitetei mikeka. Anayebeti mechi anatafuta hela. Mimi natafuta kujua naamini nini kwa kiasi gani. Dau liwe kitabu, au aya moja ya kukiri hadharani: "Nilikosea, na hapa ndipo nilipokosea." Wala asije tajiri kutununulia ukweli kwa noti zake.

Mtasema pia ladha haipimwi kwa dau. Sawa. Nani bora kati ya Ngũgĩ na Gurnah, hapo hakuna mwamuzi. Lakini ukidai "Watanzania hawanunui riwaya", hilo linapimika: taja riwaya, taja duka, taja nakala ngapi, taja tarehe. Ukishindwa kuvitaja, hilo ni lalamiko tu.

Ila dau peke yake halitoshi. Mwaka 1980 mchumi Julian Simon alipingana na mwanabiolojia Paul Ehrlich kuhusu bei za metali tano kwa miaka kumi. Ehrlich alitabiri uhaba, bei zikashuka. Mwaka 1990 akatuma hundi ya dola 576.07, na msimamo wake akabaki nao. Mfuko ulilipa, kichwa kikagoma. Ndiyo maana nasema aya ya kukiri ni muhimu kuliko hela.

Kwa hiyo Oktoba ikifika, msiniletee "lazima". Leteni jina, kiwango na dau. Mimi daftari ninalo, na ukurasa wa kwanza nimeandika kosa langu mwenyewe.