Lupasi: Mwili unaposhindwa kuzoa taka zake

Kila siku mabilioni ya seli mwilini mwako hufa. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Seli iliyochoka hujimaliza yenyewe, kisha seli nyingine huja kuzoa mabaki. Ni kama taka za mtaani kwenu: gari lisipopita wiki mbili, unajua kinachofuata.

Kwa mgonjwa wa lupasi, mabaki hayo hayazolewi inavyofaa. Kinga ya mwili huyakuta, huyadhania adui, na vita huanza. Viungo vinauma, uso unatoka vipele, figo zinaumia. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wao vijana.

Je, ni ya kurithi? Kwa sehemu. Watu wachache mno huzaliwa bila protini ya C1q, inayosaidia uzoaji huo, na wengi wao hupata lupasi. Mwaka 2022, watafiti walionyesha kuwa badiliko moja tu katika jeni ya TLR7 lilimletea msichana wa Uhispania ugonjwa huu. Lakini kwa wengi, jeni husika ni kadhaa, kila moja ikichangia kidogo. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui.

Basi ukisikia msichana akiambiwa ni mvivu au amerogwa, usinyamaze. Nawe ukichoka na kuumwa viungo wiki baada ya wiki, na vipimo vya malaria havionyeshi kitu, mwombe daktari akupime damu na mkojo. Figo ikishaharibika, kuirudisha si mchezo.