Chanjo si Dawa ya Mgonjwa

Ndugu wafugaji wa Zombe, wengi wetu humkumbuka Bwana Mifugo siku mbuzi wanapoanza kutoka kamasi na kuhara. Siku hiyo chanjo imekwisha kuchelewa. Neno langu ni hili: chanjo si dawa ya mgonjwa, ni mafunzo ya mzima.

Ndani ya damu ya mnyama mna walinzi. Kiini kigeni kikiingia, hawakijui. Huchukua siku nyingi kujifunza kupigana nacho, na mara nyingi mnyama hufa kabla hawajajua. Chanjo huwaonyesha adui mapema. Walinzi hutengeneza silaha za kumfaa adui yule tu, kisha huikumbuka sura yake. Ndiyo sababu chanjo ya sotoka haizuii kimeta.

Chanjo ni za namna mbalimbali. Ya kwanza ina viini hai vilivyodhoofishwa, kama mwizi aliyevunjika miguu: bomani ataingia, lakini hana nguvu ya kuiba. Ndivyo ilivyo chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Sindano moja humlinda mnyama miaka mitatu au zaidi. Ya pili ina viini vilivyouawa, kama ile ya ugonjwa wa midomo na kwato. Mwizi aliyekufa hatishi sana, kwa hiyo hutiwa kitu cha kuushtua mwili, na sindano hurudiwa, kwa kawaida kila miezi sita. Ya tatu haina kiini, bali sumu yake iliyoondolewa ukali, kama chanjo ya pepopunda.

Wako wasemao, "Nilichanja, na mbuzi wakafa." Tutazame sababu. Pengine ugonjwa ulikwisha kuingia, maana mwili wahitaji kama wiki mbili au tatu kujiandaa. Pengine chanjo hai ilikaa juani, viini vikafa, yakabaki maji tu. Pengine nusu ya kundi ilifichwa nyumbani kwa kuogopa gharama au kuhesabiwa.

Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Malisho yetu hayana ukuta, na sokoni mbuzi wa kila upande hukutana. Mbuzi uliyemficha ni mlango ulioachwa wazi, na hasara itaingia kwako na kwa jirani yako pia.

Tusidhani kazi hii haina mwisho. Sotoka ya ng'ombe, iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, haipo tena. Chanjo iliyosaidia sana kuimaliza ilitengenezwa na Dk. Walter Plowright na wenzake huko Muguga, hapa hapa Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umetoweka duniani. Lakini sindano haiendi malishoni peke yake. Watu walileta ng'ombe wao. Sotoka ya mbuzi, iliyozuka Turkana mwaka 2006, yaweza kufuata njia ile ile tukitaka.

Basi siku ya chanjo ikitangazwa, lete kundi zima, tena asubuhi mapema. Uliza ni chanjo gani na itarudiwa lini, kisha uandike. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.